Bastola ndogo kiunoni: Mwenye leseni achague risasi ya aina gani?

HAIPITI wiki kabla ya habari ya mahakamani kufika kwenye dawati la wahariri ikitaja "bastola aina ya Ceska" na idadi ya risasi zilizokuwamo. Maneno hayo yamezoeleka kiasi kwamba jina la kampuni hiyo ya Jamhuri ya Cheki limekaribia kuwa, kwa Wakenya, jina la bastola yoyote ile. Ni nadra habari hizo kueleza risasi zilikuwa za namna gani, zilikuwa na uzito gani, na iwapo zikimpata mtu zingebaki mwilini au zingetokea upande wa pili.

Kwa jambazi swali hilo halina uzito. Yeye hutumia anachopata. Kwa raia aliyepewa cheti cha kumiliki bastola na kuibeba ikiwa imefichwa chini ya koti, hilo ndilo swali kubwa kuliko yote. Siku atakapolazimika kuifyatua, risasi itakwenda mahali. Na katika miji yetu, mahali hapo huenda pana mchuuzi, abiria anayesubiri matatu, au mtoto aliyelala nyuma ya ukuta wa mabati.

Wanaonunua bastola kwa mara ya kwanza aghalabu huuliza risasi ipi ni kubwa zaidi. Katika makala haya tutaeleza kwa nini afadhali waulize risasi hiyo itasimama wapi.

Kwanza tusafishe maneno, kwani hata wanahabari huyachanganya. Kile tunachokiita risasi kwa mazoea ni vitu vinne vilivyounganishwa: ganda la shaba nyeupe au ya manjano, fataki ndogo iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kipande cha risasi yenyewe kilicho mbele. Kipande hicho cha mbele ndicho kinachoruka. Ganda hubaki chini na ndilo ambalo wapelelezi huliokota. Mara nyingi nimelazimika kumrudishia mwandishi habari yake kwa sababu ameandika kwamba polisi waliokota "risasi kumi" katika eneo la tukio, kumbe ni maganda kumi. Tofauti ni kubwa: risasi kumi ni silaha, maganda kumi ni ushahidi kwamba silaha imetumika.

Kaliba ni kipenyo cha kile kipande kinachoruka. Neno lenyewe halina ugeni kwetu, maana husemwa kwamba asili yake ni Kiarabu, qalib, yaani umbo la kumiminia madini, na Mswahili husema "mtu wa kaliba yake" akimaanisha mtu wa hadhi fulani. Labda ndiyo sababu watu hudhani kwamba kaliba kubwa humpa mwenyewe hadhi kubwa.

Bastola ndogo za kufichwa hutengenezwa kwa kaliba chache zinazojulikana, na karibu zote ni za zamani. Ile ya milimita 7.65 ilibuniwa na Mmarekani John Browning mwaka wa 1899. Kipande chake kina uzito wa gramu 4.6 hivi na nguvu yake haifiki jouli 200. Browning huyo huyo alitoa ile ya milimita 9 fupi, iitwayo .380, mwaka wa 1908. Hiyo hurusha gramu 6 na ushei kwa mwendo wa takribani mita 290 kwa sekunde. Naye Mwaustria Georg Luger alikuwa ametangulia mwaka wa 1902 na milimita 9 ndefu kidogo, iliyopewa jina la Parabellum, ambayo hurusha gramu 8 kwa mita 350 kwa sekunde au zaidi. Hii ndiyo inayotumiwa na majeshi na polisi wengi duniani, na ndiyo iliyomo katika Ceska tunazozisoma magazetini. Juu yao iko .45, pia ya Browning, yenye kipande cha gramu 15 kinachokwenda polepole. Nazo .22 na zile za rivolva zina mashabiki wao, lakini hatutakawia huko.

Hapa pana mtego ambao mnunuzi mgeni hunaswa nao. Tarakimu 9 peke yake haitoshi. Kuna milimita 9 ya ganda la urefu wa milimita 17, kuna ya 18 ambayo ni ya bastola ya Makarov ya Kirusi, na kuna ya 19 ambayo ndiyo Parabellum. Hazibadilishani. Bastola iliyotengenezwa kwa moja haipaswi kulishwa nyingine, hata kama kwa macho zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Isome namba iliyochorwa kwenye mtutu, kisha uilinganishe na maandishi yaliyo kwenye sanduku la risasi.

Nguvu ambayo haipo

Filamu zimetudanganya. Mtu akipigwa bastola katika sinema huruka hewani na kuangukia meza. Katika maisha halisi risasi ya bastola haimsukumi mtu kwa nguvu inayozidi ile inayoupiga mkono wa mfyatuaji. Kama ingemrusha aliyepigwa, ingemrusha pia aliyefyatua. Bastola ni silaha dhaifu. Kipande cha AK-47 kina uzito wa gramu 8, sawa na cha milimita 9 Parabellum, lakini huenda kwa kasi maradufu. Kwa kuwa nguvu huongezeka kwa mraba wa kasi, kipande hicho huwa na nguvu mara nne hivi: jouli 2,000 dhidi ya 500. Hilo walilijua vyema raia wachache wenye leseni walioingia katika jumba la Westgate, Nairobi, Septemba 21, 2013, wakiwa na bastola dhidi ya magaidi wenye bunduki. Miongoni mwao alikuwa Abdul Haji, aliyekuja kuwa Seneta wa Garissa mwaka wa 2021, ambaye alikwenda kumtafuta ndugu yake. Waliokoa watu wengi, lakini si kwa sababu ya ukubwa wa kaliba zao.

Risasi ya bastola humzuia mshambulizi kwa njia mbili tu zinazotegemeka: kuufikia ubongo au uti wa mgongo, ama kutoboa moyo na mishipa mikubwa hadi damu ipungue. Njia ya pili huchukua muda. Mtu ambaye moyo wake umetobolewa anaweza kuendelea kupigana kwa sekunde kumi au zaidi kwa hewa iliyosalia ubongoni. Kwa hiyo sharti la kwanza ni risasi kuelekezwa mahali pafaapo, na la pili ni kufika ndani ya kutosha.

Somo hili lilipatikana kwa gharama kubwa mjini Miami, Marekani, Aprili 11, 1986. Maafisa wanane wa shirika la upelelezi la FBI walikabiliana na majambazi wawili. Mapema katika ufyatulianaji huo, risasi ya milimita 9 iliyofyatuliwa na afisa Jerry Dove ilipita katika mkono wa jambazi Michael Platt, ikaingia kifuani na kusimama takribani sentimita mbili na nusu kabla ya kuufikia moyo. Jeraha hilo lilikuwa la kifo, ila si la kifo cha papo hapo. Platt aliendelea kufyatua bunduki yake. Dove na mwenzake Ben Grogan wakauawa, na maafisa wengine watano wakajeruhiwa kabla ya majambazi hao wawili kuuawa.

FBI iliilaumu risasi. Ikaanzisha majaribio ya kufyatua katika jelatini, ile ile inayotengenezewa vitamutamu, iliyokorogwa kwa kipimo maalumu ili iwe na ukinzani kama wa nyama. Ikaamua kwamba risasi inayofaa izame kwa sentimita 30 hadi 46, hata baada ya kupita katika nguo nzito, mbao au kioo cha gari. Msomaji asidhani vipimo hivyo ni vya ukatili. Kifua cha mtu kikitazamwa kwa mbele hakina kina hicho, lakini mtu anayeshambulia hasimami wima kama shabaha ya karatasi. Hugeuka, huinama, na hunyoosha mkono mbele, kama alivyofanya Platt.

Baada ya hapo wakakimbilia kaliba kubwa. Walijaribu milimita 10, ikawa na teke kali kwa wengi wao. Mwaka wa 1990 ikatoka .40, ambayo ilienea katika idara za polisi za Marekani kwa zaidi ya miaka ishirini. Kisha mwaka wa 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI kikaandika hoja za kurudi kule kule walikotoka, kwenye milimita 9, na mwaka wa 2016 shirika hilo likatoa kandarasi ya bastola za kaliba hiyo. Hoja zao zilikuwa mbili. Risasi za milimita 9 zinazotengenezwa siku hizi huzama na kutanuka karibu sawa na zile kubwa. Na maafisa wengi hulenga vyema zaidi, na haraka zaidi, wakiwa na silaha isiyowapiga teke kali. Shirika lenye fedha na mabingwa wa kila aina lilizunguka kwa miaka thelathini likarejea pale pale lilipoanzia; raia wa Nairobi au Eldoret hana haja ya kuirudia safari hiyo kwa gharama yake mwenyewe.

Wembamba una bei yake

Bastola ya kufichwa ni lazima iwe fupi na nyepesi, la sivyo mwenyewe ataichoka baada ya wiki mbili na kuanza kuiacha kwenye droo au ndani ya gari, mahali ambapo wezi huipata. Hilo halina ubishi. Lakini kila gramu inayopunguzwa hulipiwa.

Chukua bastola mbili zinazofyatua risasi ile ile, moja ya kilo moja na nyingine ya nusu kilo. Teke la ile nyepesi lina nguvu maradufu, maana msukumo ni ule ule ila mzigo unaoupokea umepungua nusu. Mpini wake ni mfupi, kidole cha mwisho hakina pa kushika, na umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni mdogo, hivyo kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa penye shabaha. Aidha, mtutu mfupi hauipi baruti muda wa kuisukuma risasi ipasavyo. Mtutu wa Glock 17 una milimita 114. Wa SIG P365, iliyotoka mwaka wa 2018 na kuwa kipenzi cha wabebaji wa bastola nchini Marekani, haufiki milimita 80. Risasi hutoka polepole zaidi, na risasi iliyoundwa kutanuka kwa kasi fulani huenda isitanuke.

Kwa sababu hii wapo wanaoshauri .380 katika bastola ndogo kabisa, kwa kuwa teke lake ni pole. Ushauri huo si wa kupuuzwa kwa mtu mwenye mikono dhaifu au baridi yabisi vidoleni. Kasoro yake ni kwamba .380 haina akiba ya nguvu: ikitanuka, mara nyingi huzama kwa kina kidogo kuliko inavyotakiwa, isipotanuka, huzama vya kutosha lakini yaacha tundu jembamba. Milimita 9 inaweza kufanya yote mawili. Na tangu bastola za milimita 9 zianze kutengenezwa kwa udogo uliokuwa wa .380 pekee, sababu ya kushuka chini imepungua sana. Maoni yangu ni kwamba anayeweza kuidhibiti milimita 9 katika bastola ya gramu 500 hadi 650 aishie hapo. Asiyeweza achukue bastola nzito zaidi ya kaliba hiyo hiyo kabla ya kufikiria kushusha kaliba.

Njia ya kujua si kubishana hotelini. Ni kwenda katika uwanja wa shabaha, kusimama umbali wa mita saba, kufyatua risasi tano kwa mfululizo wa haraka, na kuhesabu ngapi zimeingia katika duara la ukubwa wa sahani ya chai. Kisha kurudia kwa bastola nyingine. Karatasi haina upendeleo.

Inayopenya na inayochanua

Sasa tufike kwenye kiini. Kwa kaliba ile ile, sanduku mbili za risasi zaweza kuwa tofauti kama panga na sindano.

Aina ya kwanza ni risasi ya gamba, ambayo mwili wake wa risasi laini umevikwa shaba hadi kichwani. Ni ya bei nafuu, haikwami kwa urahisi, na ndiyo ya jeshini. Ikifyatuliwa katika jelatini, milimita 9 ya gamba hupita sentimita 60 na kuendelea. Ndiyo kusema ikimpata mtu kifuani, yaweza kutokea mgongoni ikiwa bado na nguvu ya kumuua aliye nyuma. Ikimkosa, mabati, mbao na mlango wa gari havitaizuia; ikirushwa juu kwa pembe fulani huruka zaidi ya kilomita moja.

Aina ya pili ina shimo kichwani. Inapoingia katika kitu chenye umajimaji, shimo hujaa, kuta zake hupasuka na kukunjuka nje kama ua linalochanua, na kipenyo chake chaweza kufika mara moja na nusu ya kile cha awali. Kwa kutanuka hivyo hujipiga breki yenyewe. Hukata tundu pana zaidi, lakini faida yake kwa wapita njia ni kwamba aghalabu husimama ndani ya mwili ilioupiga.

Hapo ndipo watu wengi hushtuka, wakiuliza kama risasi hizo si zile zilizopigwa marufuku. Ni kweli kwamba Azimio la The Hague la mwaka wa 1899 lilizikataza vitani, baada ya kelele kuhusu risasi zilizoundwa na Waingereza katika kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta, India. Na mwaka wa 2010 mkutano uliofanyika jirani hapa Kampala, Uganda, ulirekebisha Mkataba wa Roma ili kuzitumia katika vita vya ndani ya nchi pia kuwe uhalifu wa kivita. Lakini sheria hizo zinahusu vita. Polisi wa nchi nyingi huzitumia mijini, kwa sababu ya wasiohusika.

Jiji la New York ni mfano mzuri. Polisi wake walianza kuacha rivolva na kuingia katika bastola za milimita 9 mwaka wa 1993, wakiwa na risasi za gamba. Risasi hizo zikawa zinawapita washukiwa na kuwapata watu wengine, wakiwamo polisi wenyewe. Mwaka wa 1998 jiji likaamua kuhamia risasi zinazochanua, licha ya upinzani wa waliodhani ni ukatili ulioongezwa.

Lakini usidhani aina ya risasi humaliza hatari. Agosti 24, 2012, nje ya jengo la Empire State katika jiji hilo hilo, polisi wawili walimfyatulia risasi 16 mtu mwenye bastola aliyekuwa hatua chache mbele yao. Wapita njia tisa walijeruhiwa, wengine kwa vipande vilivyorudi kutoka kwa kuta na vyungu vya maua. Uchunguzi uliotolewa na taasisi ya RAND mwaka wa 2008 ulikuwa umeonyesha kwamba polisi wa New York waliporushiana risasi na washukiwa, ni asilimia 18 tu ya risasi zao zilizowapata waliolengwa. Hao ni watu wanaolipwa na kufunzwa kwa kazi hiyo. Risasi inayochanua haichanui hewani. Ile iliyokosa shabaha hupenya ubao na mabati karibu sawa na ya gamba. Wala nguo nzito hazisaidii: koti la Julai na sweta chini yake huweza kuliziba shimo la kichwani kwa nyuzi, na risasi ikapita kama ya gamba.

Hayo yote yafikirie ukiwa umesimama River Road saa kumi na moja jioni.

Kwenye sanduku utaona pia uzito ulioandikwa kwa kipimo cha kizamani kiitwacho greni. Greni 15 na nusu hivi ni gramu moja. Milimita 9 huuzwa zaidi kwa greni 115, 124 na 147. Nyepesi huenda kasi, nzito huenda polepole na kuzama vizuri. Katika mtutu mfupi, ile ya kati, 124, ni chaguo lisilomwangusha mtu wengi wanapokuwa hawajui waanzie wapi, ingawa kila bastola ina chakula inachokipenda, na zipo zinazokwama na risasi ya kichwa chenye shimo kwa sababu ya umbo la njia ya kuingilia mtutuni.

Cheti kinasema nini

Nchini Kenya uchaguzi huu haufanyiki dukani peke yake. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi ambacho mwenyewe anaruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja. Desemba 2018 serikali iliagiza wenye silaha wote wa kiraia wapigwe msasa upya, na waliozembea walijikuta matatani. Kwa hiyo kubadilisha kaliba si kama kubadilisha simu. Uliza Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha na muuzaji mwenye leseni kabla ya kulipa, na uulize pia ni aina gani za risasi unazoruhusiwa kununua.

Kuhusu matumizi, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujitetea kutapimwa kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza: je, nguvu iliyotumika ilihitajika, na ililingana na hatari iliyokuwapo? Mshambulizi aliyeanguka ni kesi moja. Mama wa mboga aliyeanguka mita ishirini nyuma yake ni kesi nyingine kabisa, na hapo sanduku la risasi ulilolinunua litakuwa miongoni mwa vielelezo.

Kwa kuwa idadi ya risasi imewekewa kikomo, wapo wanaofanyia mazoezi zile za gamba za bei nafuu na kuzihifadhi zinazochanua, wasizifyatue hata mara moja. Ni kosa. Fyatua angalau masanduku mawili ya zile utakazozibeba, kwa bastola hiyo hiyo, hadi uhakikishe hazikwami. Ikikwama hata mara moja bila sababu ya wazi, badilisha aina.

Kisha kuna jambo dogo ambalo wabebaji wa miaka mingi hulisahau. Anayeondoa risasi mtutuni kila usiku na kuirudisha ile ile kila asubuhi huigongesha kichwa mara mamia kwa mwaka. Kipande cha mbele hurudi ndani ya ganda kidogo kidogo, nafasi ya baruti hupungua, na siku ya kufyatuliwa shinikizo huzidi lile lililokusudiwa. Pwani, jasho na chumvi huongeza kutu juu ya hayo. Ipange risasi hiyo kando ya nyingine mpya mezani na uzitazame kwa usawa wa macho. Ikiwa imekuwa fupi, usiifyatue wala usiitupe kwenye pipa la taka. Irudishe kwa muuzaji mwenye leseni au kituo cha polisi.